Mama Yangu Kinywani mwa Katibu

Nilifanya kazi miaka minne katika ofisi ya mbunge, Kilwa Masoko. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni na kuandika shida zao kwenye daftari kubwa. Huyu shamba lake limeingiliwa na ng'ombe, huyu mwanawe amekosa nafasi ya shule, huyu kisima cha kijiji kimekauka na mwenyekiti hamsikilizi. Wengi walikuja wamevaa nguo zao za Ijumaa hata kama ilikuwa Jumatatu. Niliwapa kiti, niliwaandika, nikawaambia Mheshimiwa atasoma. Mheshimiwa hakuwa akisoma. Aliyepitia daftari lile alikuwa katibu wake, na yeye naye alikuwa akilipitia kama mtu anayechagua mchele.

Katibu alitufikia katika mwaka wangu wa pili pale. Alitoka Dar es Salaam akiwa na begi moja na mashati meupe yaliyonyooshwa vizuri. Sitamsema kwa yasiyokuwepo: alikuwa na adabu. Wazee aliwaamkia shikamoo kwa kuinama, akawashika mkono kwa mikono yake miwili, na akikutana nao tena baada ya miezi sita anawakumbuka kwa majina. Alipenda kusema kwamba yeye ni mtoto wa pwani hii, yatima, aliyesomeshwa na majirani. Hakuna aliyemuuliza majirani gani.

Dereva wetu, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeanza kuona. Siku moja tukiwa tunamsubiri Katibu nje ya msiba Kitomanga, akaniambia, "Dada, huyu kwao ni wapi hasa?"

"Si anasema Pande."

"Hapa anasema Pande. Tukiwa Pande anasema Kitomanga."

Nilicheka. Halikunisumbua wakati ule. Niliona ni mambo ya siasa tu. Siku hizi mtu hapewi jukwaa bila umaskini wa utotoni, na asiye nao huutafuta. Nilidhani anautafuta kwingine.

Ilikuwa msimu wa mvua, barabara imekatika, wageni hawaji. Tulikuwa wawili tu ofisini, tumeagiza wali na samaki kwa mama ntilie wa jirani. Katibu aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Mitole. Akaniuliza kama wazazi wako hai. Aliuliza akiwa ameacha kula, kijiko amekiweka pembeni, ananitazama kama hakuna jambo jingine duniani la kusikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza watu kutwa katika ofisi ile. Hakuna aliyewahi kunisikiliza mimi. Basi nikasema.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kaka yangu kumi na saba. Baba alikuwa Liwale kwa mke mwingine. Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano ikaharibika, akaanza kuvuja damu Alhamisi jioni. Amu yetu, ndugu wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, aliambiwa na wanawake, akasema hayo ni mambo ya wanawake, yatakwisha yenyewe. Kulipokucha kaka hakumuuliza mtu. Aliazima baiskeli, akaketi kwenye tandiko, tukampandisha mama kwenye keria, nikamfunga kwa kanga mbili kwenye mgongo wa kaka kama mtoto anavyobebwa. Kaka akawa anakanyaga polepole, mimi nyuma nimeshika keria, nakimbia nikisukuma. Njia nzima nilikuwa nikimsemesha mama. Mama, umechoka? Mama, tumeshapita mto. Mama, bado kidogo tutaiona lami. Naye alikuwa akiniitikia, mguno mmoja, basi. Karibu na barabara kuu baiskeli ilizama kwenye mchanga tukaanguka wote watatu. Tulipomfungua mama alikuwa amekwisha kufa.

Hivyo ndivyo nilivyoijua habari ile, na hivyo ndivyo nilivyomwambia Katibu, isipokuwa kitu kimoja. Sikuweza kumtamkia mwanamume, tena wa kazini, damu ya mama yangu. Nilisema mama alikuwa na homa. Homa kali ya siku tatu. Homa hiyo niliizua pale pale, mbele ya sahani ya wali, na sikuwahi kumwambia hivyo mtu mwingine yeyote.

Katibu alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Pole sana, dada. Hayo ni makubwa." Akachukua kijiko chake.

Miezi mitano au sita baadaye tulikwenda Pande kwenye mkutano wa hadhara. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari na daftari langu, kwa sababu baada ya hotuba watu huja kueleza shida. Kabla Mheshimiwa hajaongea, Katibu alipewa kipaza sauti awachangamshe watu. Hakuwachangamsha. Alianza kwa sauti ya chini kabisa, watu wakanyamaza ili wamsikie.

Akasema alikuwa na miaka kumi na saba. Akasema mama yake alishikwa na homa kali ya siku tatu, na kijijini hapakuwa na zahanati. Akasema aliazima baiskeli, akamfunga mama yake mgongoni kwa kanga mbili. Akasimulia mto, mchanga, na kuanguka. Akasema mama yake alimwambia maneno ya mwisho pale chini kwenye mchanga: mwanangu, usikubali mama wa mwingine afe hivi. Wanawake waliokuwa mbele wakajifuta macho kwa ncha za mitandio. Mzee mmoja akasema, "Innalillahi," kwa sauti.

Nilisimama pale, daftari mkononi. Wala sikuhisi hasira kwanza. Nilihisi kama mtu anayeona nguo yake imevaliwa na mgeni, anajikagua yeye mwenyewe kama yu uchi. Kisha nikatambua jambo lililonichoma zaidi. Katika habari ile mimi sikuwemo. Nyuma ya baiskeli hapakuwa na mtu. Kijana peke yake na mama yake, na njia ndefu.

Tukiwa garini kurudi, Mheshimiwa akiwa ametangulia na gari jingine, nilimuuliza.

"Katibu, mama yako alikufa kwa nini?"

"Si umesikia. Homa."

"Homa gani?"

"Homa, dada. Sisi tulikuwa watoto, nani alipima?"

"Homa ile niliisema mimi. Na haikuwa homa."

Dereva alitazama mbele. Katibu aligeuka akanitazama bila chuki, kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi mzito. "Dada yangu," akasema, "kwani kusini hii ni kwenu tu kulikokuwa na baiskeli? Ni kwenu tu walikofia kina mama? Usiifanye habari kama shamba la urithi."

Akafungua simu yake, akaisoma mpaka Masoko. Lakini tangu siku ile nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nijue huyu mtu ni nani.

Jumamosi moja nilirudi Pande. Nilitoa udhuru wa kwenda kumpa pole shangazi wa rafiki yangu, na kweli nilimpa pole, kisha nikaenda shuleni. Katibu alikuwa akisema siku zile kwamba alisoma shule ya msingi pale. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mnene, mpole, anasahihisha madaftari ya darasa la nne. Nilimwambia natoka ofisi ya mbunge na nataka kuona rejesta za zamani. Hakuuliza sana. Alinipeleka stoo akafungua kabati. Rejesta za miaka niliyoitaka zilikuwa zimeliwa na mchwa, zimebaki majalada na vumbi la udongo katikati.

"Unamtafuta nani?" akaniuliza.

Nikamwambia.

Alifunga kabati polepole. "Mwanangu, siwezi kusema alisoma hapa, na siwezi kusema hakusoma. Lakini alituletea madawati."

Nikaenda msikitini baada ya sala ya adhuhuri nikawasubiri wazee watatu watoke. Niliwaamkia, wakaitika marahaba, nikawauliza kama wanaufahamu ukoo wa Katibu. Wakatazamana. Mmoja akasema huenda ni wa upande wa wahamiaji waliokuja kuvuna chumvi. Mwingine akasema hapana, wale aliwajua wote. Wa tatu, aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, akakatiza: "Kama Mheshimiwa amesema ni wa hapa, ni wa hapa. Mtoto akifanikiwa huwa na vijiji vingi. Wewe umetumwa na nani?"

Nikasema sijatumwa. Wakaanza kuvaa viatu.

Nilirudi sina kitu. Hakuna aliyemkana, hakuna aliyemjua. Ndivyo ilivyo huku kwetu: mtu akishakuwa na gari nyuma yake, asili yake inaachwa kuulizwa, kama harufu ya mgeni aliyealikwa chakula. Na nilijua pia kwamba hata ningeipata rejesta safi, yenye majina yote na lake halimo, bado nisingekuwa na ushahidi wa jambo lenyewe. Ushahidi wa jambo lenyewe ulikuwa neno moja, homa, na neno hilo lilikuwa uongo wangu.

Hata hivyo niliingia kwa Mheshimiwa. Nilimkuta anasoma magazeti. Nilimweleza tangu mwanzo, na safari hii nilisema damu. Alinisikiliza. Akavua miwani.

"Ni uongo kwamba wanawake wanafia njiani?" akaniuliza.

"Si uongo, Mheshimiwa."

"Basi tatizo ni nini?"

"Ni mama yangu."

"Nakuelewa. Lakini mama yako amesaidia. Zahanati ya Pande imepitishwa. Nimekaa kwenye vikao miaka mingapi naomba zahanati ile, na takwimu mkononi, hakuna aliyenyanyua kichwa. Alipoisema yeye, watu wazima walilia. Sasa unataka nikawaambie nini? Kwamba ijengwe au isijengwe?"

Nilichokuwa nacho ni uchungu ambao sikuweza kuutamka mbele yake. Daftari langu lilikuwa limejaa habari kama ile. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye kiti cha mbao mbele yangu wakanieleza dada zao, mama zao, mabinti zao, nami nikaandika kwa mwandiko mzuri, kurasa kwa kurasa. Hazikujenga hata choo. Mpaka alipokuja mwanamume asiyejulikana mama yake, akamchukua wangu.

Mwisho wa mwezi ule niliambiwa mkataba wangu hautaendelea. Aliyeniambia alikuwa Katibu mwenyewe, kwa adabu ile ile, na alinisaidia kubeba mfuko wangu wa vitu mpaka mlangoni.

Niliondoka nikaenda Mitole kwa kaka. Nilitaka kumwambia kabla hajasikia kwa watu, lakini nilichelewa. Hotuba ile ilikuwa imerekodiwa na inazunguka kwenye makundi ya simu, na mwanawe wa kwanza alikuwa amemwonyesha. Nilimkuta shambani anapukuta ufuta. Alikuwa ameshika mganda kichwa chini juu ya turubai, anaupiga kwa fimbo taratibu. Hakuacha kazi nilipofika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ulimwambia wewe."

"Nilimwambia mimi."

Aliupiga mganda mpaka ukaisha, akauweka kando, akachukua mwingine. Miaka yote ile kaka hakuwahi kuitaja siku ile. Nilidhani ni kwa sababu alianguka na baiskeli. Nilidhani anajiona ndiye aliyemuua, na kila nilipotaka kumwambia hakumuua, alikuwa ananyanyuka anaondoka. Nikaanza kumwomba radhi. Nikamwambia hata ukweli wenyewe sikuutoa, nilisema homa, damu niliificha.

"Sisemi habari ya homa," akasema. "Hata wewe mwenyewe huijui."

"Siijui nini?"

"Mama alikata roho kabla hatujafika mtoni."

Nikamwambia si kweli. Nikamwambia nilikuwa nyuma yake, nilikuwa namsemesha na ananiitikia mpaka karibu na lami.

Kaka aliweka fimbo chini. Alikaa kwenye ukingo wa turubai, mbegu za ufuta zimemganda mikononi, na kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Alikuwa mgongoni kwangu, mdogo wangu. Pumzi yake ilikuwa shingoni kwangu hapa. Ikawa ndogo, ikawa ndogo, ikaisha. Nilijua. Ningesimama, ungejua na wewe, na tulikuwa porini wawili, na wewe ni mtoto. Nikasema nikufikishe kwanza walipo watu." Akapangusa mikono. "Ulipokuwa unauliza umechoka, mama, aliyeguna ni mimi."

Sijui nilikaa pale muda gani. Namkumbuka shemeji yangu akija na maji ya kunywa, akatutazama, akayaweka chini akarudi. Nilikuwa nimeishi na miguno ile miaka ishirini na zaidi. Ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho, kwamba alinisikia. Nilikuwa nimempa Katibu, naye akaipanua ikawa hotuba ya mwisho ya marehemu, na nilikuwa nimemchukia kwa kumtungia mama yangu maneno. Kumbe na mimi nilikuwa natembea na maneno ambayo si ya mama.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unaipenda miguno ile," akasema.

Katibu hakukaa sana Masoko baada ya hapo. Mwaka uliofuata aliteuliwa kushika cheo katika mkoa mwingine, na kwenye maelezo yake yaliyosomwa siku ya kuapishwa walisema amezaliwa Kilwa, akampoteza mama yake akiwa kijana. Sasa imeandikwa. Atakayetaka kuhakiki ataikuta kwenye karatasi yenye muhuri. Zahanati ilijengwa, na sitasema haikujengwa. Ina rangi ya bluu, ina chumba cha kujifungulia, na kwa muda mrefu haikuwa na muuguzi. Mimi nilinunua cherehani, nashona sare za shule Masoko. Wakati mwingine wale wanawake wa daftari hunikuta barabarani wakaniuliza shida zao zimefikia wapi. Nawaambia sipo tena pale. Hawaniamini vizuri, wanadhani nimechoka nao.

Mwaka jana kaka aliamua tumsomee mama hitma. Hatukuwahi kumsomea vizuri, siku ya maziko kila mtu alikuwa na haraka na amu alitaka yaishe. Tulipika pilau, wakaja ndugu, majirani, na walimu wa madrasa. Baada ya dua kaka aliomba asikilizwe. Si mtu wa kusema mbele za watu, alikuwa anatazama mkeka. Alisema mama yetu hakufa kwa homa wala kwa kudra iliyokosa sababu. Alisema mimba iliharibika, alivuja damu usiku kucha ndani ya nyumba yenye wanaume, na wanaume wakaona haya kuitaja. Alisema alimbeba kwa baiskeli, na dada yake alikuwa nyuma anasukuma. Alinitaja. Alisema na pale pumzi ilipoishia. Amu alikuwa amekaa pembeni, mzee sasa, hasikii vizuri, na sijui kama alisikia.

Watu wakasema Mwenyezi Mungu amrehemu. Kaka akakaa. Nilimwona mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyetua gunia.

Tulipoanza kuandaa chakula, mwanamke mmoja wa ukweni, mtu mwema, aliyetusaidia kupika tangu asubuhi, alinisogelea akanishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Poleni, wifi," akasema. "Kumbe na nyie yaliwakuta. Kama ya yule Katibu kabisa. Ile ya kwake ndiyo ilinitoa machozi zaidi, maana mama yake aliwahi kumuusia."

Nilimwambia ahsante. Kulikuwa na sahani hazijafika kwa wazee, nikaenda kuzipeleka.